Kishikio ndani ya buti: Kifaa kidogo kinachoweza kuokoa maisha

MWENYE gari anapofunga buti huwa na hakika kwamba mizigo yake imehifadhika. Ni nadra sana kwake kujiuliza iwapo mtu aliyefungiwa humo ndani, kwa mchezo au kwa kulazimishwa, ana njia yoyote ya kujitoa.

Kwa magari mengi madogo yanayotumika humu nchini, jibu ni kwamba hana. Buti hufunguliwa kwa ufunguo kutoka nje, kwa kuvuta wenzo ulio kando ya kiti cha dereva, au kwa kubonyeza kitufe. Ndani ya buti lenyewe hakuna chochote cha kuvuta wala cha kubonyeza.

Upungufu huo si jambo dogo. Katika miaka ya 1990 na 2000, wakazi wa Nairobi na miji mingine walizoea kusikia habari za wenye magari waliotekwa nyara na majambazi, wakatiwa ndani ya mabuti ya magari yao wenyewe na kuzungushwa kwa saa kadhaa huku kadi zao za benki zikitumiwa kutoa pesa. Baadhi waliachwa gizani, mahali wasipopajua, gari limezimwa na funguo zimetupwa.

Upande wa pili kuna watoto. Mtoto anayecheza mchezo wa kujificha huliona buti lililo wazi kuwa pango zuri kuliko yote. Akiingia na kifuniko kikajifunga, mlio wa kitasa ndio sauti ya mwisho inayosikika vizuri kutoka humo. Mazulia, viti na mabati huzuia kilio chake kufika mbali.

Hata hivyo, kasoro hii inaweza kurekebishwa na mwenye gari mwenyewe nyumbani, kwa vifaa vinavyopatikana katika duka lolote la baiskeli na la vyuma. Kinachohitajika ni kuelewa jinsi kitasa cha buti kinavyofanya kazi, na kuwa na subira ya kukijaribu kabla ya kukiamini.

Sheria iliyotokana na msiba

Taifa lililotangulia kulishughulikia suala hili kwa sheria ni Marekani, na lilisukumwa na mambo mawili.

La kwanza lilitukia mwaka 1995 mjini San Francisco. Janette Fennell na mumewe walivamiwa na majambazi wenye silaha walipokuwa wakiingiza gari lao nyumbani usiku. Walitiwa ndani ya buti na kuendeshwa hadi mbali na mji, huku wakiwa hawajui hatima ya mtoto wao wa miezi tisa aliyekuwa katika kiti cha nyuma. Baada ya kuibiwa na kuachwa humo, walipapasa gizani, wakabandua zulia na kufikia waya wa kitasa. Waliuvuta, na kifuniko kikafunguka. Mtoto naye alipatikana akiwa salama.

Bi Fennell hakuliachia jambo hilo hapo. Alianza kukusanya habari za watu waliowahi kufungiwa katika mabuti, na akaongoza kampeni ya kutaka kila gari liwe na kifaa cha kulifungua kutoka ndani.

La pili lilikuwa zito zaidi. Kati ya Julai na Agosti 1998, watoto 11 walifariki nchini humo katika visa vitatu tofauti, wote wakiwa wamejifungia ndani ya mabuti ya magari yaliyoegeshwa. Hapakuwa na jambazi wala adui. Palikuwa na jua, gari na kifuniko kilichojifunga.

Jopo la wataalamu liliundwa kuchunguza suala hilo, na mwaka 1999 likapendekeza magari yote mapya yawekewe kifaa cha kufungulia buti kutoka ndani. Kampuni ya Ford ilianza kuweka vishikio vinavyong'aa gizani katika magari yake ya modeli ya mwaka 2000, nayo General Motors ikatoa vifaa vya kufungwa katika magari yaliyokwisha kuuzwa.

Hatimaye shirika la serikali linalosimamia usalama wa barabarani nchini humo, NHTSA, lilitoa kanuni nambari 401. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2001, kila gari dogo jipya lenye buti lililotengwa na sehemu ya abiria lilipaswa kuwa na kifaa cha kulifungua kutoka ndani. Ikiwa kifaa hicho ni cha kuvutwa kwa mkono, ni lazima kiwe na mwanga au king'ae chenyewe, ili aliyefungiwa aweze kukiona gizani.

Mbona magari ya hapa hayana?

Swali hili huulizwa na wengi wanapopata habari za kanuni hiyo kwa mara ya kwanza. Jibu ni rahisi: kanuni ya Marekani huwabana wanaouza magari Marekani pekee.

Magari mengi yanayoingia Kenya ni mitumba kutoka Japani. Sheria za Kenya zinadai kwamba gari lililotumika lisizidi umri wa miaka minane na usukani wake uwe upande wa kulia, lakini hazisemi lolote kuhusu kishikio ndani ya buti. Aidha, magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani hayakulazimishwa kuwa nacho. Ndiyo sababu gari la aina moja, lililoundwa na kampuni moja, huweza kuwa na kishikio hicho likiuzwa Chicago na likakikosa likiuzwa Mombasa.

Njia rahisi ya kujua ni kufungua buti mchana na kutazama upande wa ndani wa kifuniko, karibu na kitasa. Kishikio cha kiwandani huwa cha plastiki yenye rangi ya manjano au ya kijani kibichi, na mara nyingi huwa na picha ya mtu anayeruka kutoka ndani ya gari. Kama hakipo, buti hilo halifunguki kutoka ndani.

Kitasa kinavyofanya kazi

Kabla ya kugusa chochote, inafaa kuelewa muundo wa kitasa chenyewe. Ingawa magari hutofautiana, vitasa vingi vya mabuti hufuata utaratibu mmoja.

Kitasa kina sehemu mbili zinazokutana. Ya kwanza ni pete au upinde wa chuma uliosimama imara. Ya pili ni kitasa chenyewe, ambacho ndani yake mna kulabu inayozunguka. Kifuniko kinaposhushwa, pete huisukuma kulabu, nayo huzunguka na kuikumbatia. Papo hapo kipande kingine kidogo cha chuma, kinachosukumwa na springi, huangukia nyuma ya kulabu na kuizuia isirudi. Huo ndio mlio unaosikika buti linapofungwa.

Kulifungua buti ni kukiondoa kile kipande kidogo tu. Kwa hiyo ufunguo unaozungushwa nje, wenzo ulio kando ya dereva na mota ndogo ya umeme vyote hufanya kazi moja: huvuta mkono mmoja mdogo wa chuma ulio ubavuni mwa kitasa. Mkono huo ukisogea kiasi kidogo tu, kulabu huachiliwa na kifuniko huinuka.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Mwenye gari hahitaji kubadilisha kitasa wala kukata bati. Anachohitaji ni kuufungia mkono huo kamba au waya utakaomwezesha mtu aliye ndani kuuvuta.

Vifaa na hatua za kazi

Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi, koleo, kamba imara ya nailoni au waya wa breki ya baiskeli pamoja na ala yake, na kishikio. Waya wa baiskeli unafaa kwa sababu umetengenezwa kwa kazi kama hiyo hasa: kuvutwa upande mmoja na kufikisha nguvu hiyo upande mwingine hata njia yake ikiwa na kona.

Hatua ya kwanza ni kubandua gamba la plastiki au kitambaa linalofunika upande wa ndani wa kifuniko. Mara nyingi hushikiliwa na vifungo vya plastiki ambavyo hung'olewa taratibu kwa bisibisi bapa. Katika baadhi ya magari kitasa hakiko kwenye kifuniko bali kiko chini, kwenye ukingo wa buti, na hapo ni gamba la ukingo linalobanduliwa.

Hatua ya pili ni kukifunga kitasa huku kifuniko kikiwa kimeinuliwa. Bisibisi huingizwa mahali ambapo pete huingia, kisha kulabu husukumwa hadi ule mlio usikike. Sasa kitasa "kinaamini" kwamba buti limefungwa, ilhali liko wazi. Mbinu hii ndiyo humwezesha mtu kujaribu kazi yake mara nyingi apendavyo bila ya hatari ya kujifungia kitu ndani.

Hatua ya tatu ni kuutafuta ule mkono mdogo. Mtu mwingine avute wenzo wa dereva taratibu huku mwenye kazi akitazama ni kipande gani kinachosogea, na kinasogea upande gani. Upande huo ndio ambao kamba itapaswa kuvutia. Kamba ikivuta upande mwingine, ama kitasa hakitafunguka au kipande hicho kitapinda.

Hatua ya nne ni kufunga kamba. Ikiwa mkono una tundu, kamba hupitishwa humo na kufungwa fundo lisilofunguka. Ikiwa hauna, waya wa baiskeli hubanwa kwa kibano kidogo chenye skurubu. Ikiwa waya unalazimika kupita kwenye kona, ala yake ifungwe imara pande zote mbili, la sivyo mvuto utaisogeza ala badala ya kuufungua mkono.

Ni muhimu kamba ifungwe kwenye kitasa chenyewe wala si kwenye waya unaotoka kwa dereva. Magari kadhaa yana swichi au ufunguo unaoweza kuuzima wenzo wa dereva ili mtu anayeachiwa gari asifungue buti. Kamba iliyofungwa kwenye waya huo inaweza kukosa kufanya kazi siku itakapohitajika.

Hatua ya tano ni kishikio. Kiwe kipana kiasi cha kushikwa na mkono mdogo wa mtoto na kiwe karibu na kitasa, mahali ambapo mtu aliyelala ubavu anaweza kupafikia. Kisining'inie mbali hadi kikanaswa na gunia au mfuko, kwani mzigo ukikivuta, buti litafunguka barabarani.

Hatua ya sita ni kulegeza kamba kidogo. Kamba iliyokazwa sana huuvuta mkono wa kitasa kila gari linaporuka kwenye matuta, na mwishowe kifuniko kinaweza kuchomoka gari likiwa katika mwendo wa kasi. Ulegevu wa upana wa kidole kimoja hutosha.

Kuonekana gizani

Buti lililofungwa huwa na giza totoro. Kishikio kisichoonekana hakina thamani kubwa kuliko kile kisichokuwepo, hasa kwa mtoto asiyejua kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba utepe unaoakisi mwanga, kama ule unaobandikwa nyuma ya malori, unatosha. Utepe huo hurudisha mwanga unaoangaziwa, na ndani ya buti hakuna taa ya kuuangazia. Gizani ni mweusi kama kitu kingine chochote.

Kinachofaa ni rangi au plastiki inayong'aa gizani, ambayo hufyonza mwanga wakati buti likiwa wazi na kuutoa polepole likifungwa. Mwanga huo hufifia kadiri saa zinavyopita, na gari ambalo buti lake halijafunguliwa kwa siku nyingi huenda kishikio chake kisionekane kabisa. Kwa sababu hiyo mahali pa kishikio panapaswa pawe rahisi kufikiwa hata kwa kupapasa.

Kujaribu bila kujihatarisha

Baada ya kufunga kila kitu, kitasa hufungwa tena kwa bisibisi na kishikio kuvutwa. Zoezi hilo lirudiwe angalau mara 20. Kama kitasa kitakataa hata mara moja, kazi bado haijakamilika.

Jaribio linalofuata ni la kifuniko kilichofungwa kikamilifu. Ikiwa kiti cha nyuma hulala, mtu hupitisha mkono kutoka ndani ya gari na kuvuta kishikio. Ni baada ya hapo tu ambapo mtu mzima anaweza kuingia ndani ya buti na kujaribu mwenyewe, gari likiwa kivulini, injini ikiwa imezimwa, na mtu mwingine akiwa amesimama nje huku ameshika ufunguo. Mtoto asitumiwe kamwe kwa jaribio la kwanza.

Baadaye inafaa watoto wa nyumbani waonyeshwe kishikio buti likiwa wazi na wafundishwe kukivuta. Mtoto mdogo aliyejawa na hofu hawezi kutarajiwa kuelewa peke yake kazi ya kitu ambacho hajawahi kukiona.

Umeme si badala ya kamba

Baadhi ya wenye magari hupendelea kufunga mota ndogo ya umeme itakayofungua buti kwa kitufe. Kifaa hicho ni cha manufaa, lakini hakifai kuwa tegemeo la pekee. Betri inaweza kufa, majambazi wanaweza kukata nyaya, na fyuzi inaweza kuungua. Kamba haihitaji chochote isipokuwa mkono wa kuivuta.

Anayeongeza umeme anapaswa pia kukumbuka kwamba nyaya zinazoingia kwenye kifuniko hupindwa kila kinapofunguliwa na kufungwa. Zisipopitishwa ndani ya mpira laini karibu na bawaba, baada ya muda hukatika ndani kwa ndani. Dalili ya kwanza huwa taa ya nambari ya usajili au taa ya breki iliyo kwenye kifuniko kukataa kuwaka, na dereva huweza kushangaa akisimamishwa na polisi wa trafiki kwa kosa asilolijua.

Uzito wa kifuniko

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba kufunguka kwa kitasa si sawa na kufunguka kwa buti. Kitasa kikiachilia, ni springi zinazoinua kifuniko. Katika magari mengi springi hizo ni fimbo mbili ndefu za chuma zilizosokotwa na kupita chini ya dirisha la nyuma. Katika mengine ni mitungi myembamba yenye gesi iliyoshindiliwa.

Springi hizo zilipimwa kwa uzito wa kifuniko kilivyotoka kiwandani. Mwenye gari akiongeza bawa la mapambo au spika za muziki juu ya kifuniko, hazitatosha tena. Kifuniko kitabaki kimelala hata kitasa kikiachilia, au kitaanguka ghafla juu ya kichwa cha mtu anayepakia mizigo. Aliyefungiwa ndani atalazimika kukisukuma kwa nguvu, na huenda asijue kwamba tayari kimefunguka.

Kurekebisha springi si kazi ya kujifundishia nyumbani. Fimbo iliyosokotwa huhifadhi nguvu nyingi, na ikichomoka mahali pake hurudi kwa kishindo kinachoweza kuvunja mkono. Mitungi ya gesi nayo isitobolewe wala kuchomwa kwa moto. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kifaa chake maalum.

Pia mpira unaozunguka ukingo wa buti usikatwe kwa lengo la kupitisha waya. Kazi ya mpira huo si kuzuia mvua peke yake. Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kuubeba moshi wa injini kuelekea kwenye buti. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Ndiyo sababu pia ni hatari kusafiri mwendo mrefu huku kifuniko kikiwa kimefungwa kwa kamba nusu wazi kwa sababu ya mzigo uliozidi.

Je, si kumrahisishia mwizi kazi?

Wapo wanaohofia kwamba kishikio hicho kitawafaa wezi. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Mwizi aliyekwisha kuingia ndani ya gari ana wenzo wa dereva wa kuvuta, na hana haja ya kutambaa hadi ndani ya buti kutafuta kamba.

Hoja nzito zaidi ni ile ya majambazi: wakikiona kishikio si watakikata? Huenda. Kwa sababu hiyo wapo wanaofunga kamba mbili, moja yenye kishikio kinachong'aa kwa ajili ya mtoto, na nyingine nyembamba iliyofichwa chini ya zulia, ambayo inajulikana na watu wazima wa nyumba hiyo pekee.

Hata hivyo, mtu aliyetekwa hatakiwi kufanya haraka. Kuruka kutoka katika gari linalokwenda kwa kasi kunaweza kuwa na madhara makubwa kuliko kubaki ndani. Kishikio hutoa nafasi ya kuchagua wakati, kama vile gari linaposimama kwenye msongamano mbele ya watu, au baada ya majambazi kuondoka.

Magari ya kubeba mizigo yenye mlango wa nyuma, mathalan Probox, hayamo katika tatizo hili kwa kiwango sawa, kwa kuwa mtu anaweza kuruka juu ya kiti na kutokea mlango wa abiria. Lakini katika sehemu nyingi za mashambani, abiria hurundikwa katika sehemu hiyo ya nyuma huku viti vya mbele yao vikiwa vimejaa watu. Mlango huo kwa kawaida hufunguliwa kutoka nje tu. Gari likipinduka au kushika moto, abiria hao huwa katika hali ile ile ya mtu aliye ndani ya buti.

Aliyefungiwa bila kishikio

Mtu aliyejikuta ndani ya buti lisilokuwa na kishikio bado ana mambo ya kujaribu.

La kwanza ni kutafuta waya wa wenzo wa dereva. Katika magari mengi ya hapa, ambayo usukani wake uko kulia, waya huo huanzia sakafuni kando ya kiti cha dereva na kuingia ndani ya buti chini ya zulia au ubavuni. Ukivutwa kwa nguvu kuelekea mbele ya gari, mara nyingi huweza kufungua kitasa. Hilo ndilo lililowaokoa Bi Fennell na mumewe.

La pili ni kusukuma mgongo wa kiti cha nyuma. Viti vingi hulala, na baadhi vina kamba au kitufe cha kuviachilia upande wa buti.

La tatu ni kutumia vifaa vilivyo chini ya zulia pamoja na gurudumu la akiba. Jeki ikisimamishwa karibu na kitasa na kuzungushwa, inaweza kukiinua kifuniko hadi kitasa kikaachilia. Spana ya magurudumu nayo inaweza kuvunja taa ya nyuma kutoka ndani ili mkono upenyezwe nje na kupungiwa watu.

Jua ndilo adui

Wengi hudhani kwamba anayefungiwa ndani ya buti hufa kwa kukosa hewa. Ukweli ni kwamba hatari kubwa katika gari lililoegeshwa ni joto. Joto ndani ya gari lililoanikwa juani linaweza kupanda kwa takriban nyuzi 11 za Selsiasi katika muda wa dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto kwa haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Katika miji yenye joto kama vile Mombasa, Garissa au Lodwar, muda wa kumwokoa ni mfupi mno.

Kwa hiyo kishikio hakiondoi wajibu wa mzazi. Gari lifungwe hata likiwa ndani ya ua, funguo ziwekwe mbali na watoto, na kiti cha nyuma kinacholala kisiachwe wazi. Na mtoto akipotea nyumbani, mahali pa kutazamwa mwanzo, kabla ya kwenda kwa majirani, ni ndani ya magari yote yaliyo karibu, pamoja na mabuti yake.

Waswahili husema ajali haina kinga. Hii ni mojawapo ya chache zilizo nayo, na kinga yenyewe ni kamba, fundo na alasiri moja ya kazi.